Bando dogo, video nzuri: mwongozo kwa mtazamaji wa Kigoma

Mtu akikuuliza "niangalie nini YouTube?", usimtajie chaneli kabla hujamuuliza yeye anajua nini. Mvuvi wa Kibirizi, mwalimu wa Kasulu, mama anayekamua mawese Ujiji, kila mmoja wao ana jambo analolijua kuliko mtengeneza video yeyote wa Dar es Salaam, London au Mumbai. Jambo hilo ndilo la kuanzia. Chaneli ikisema ukweli juu ya kitu unachokijua, unaweza kuisikiliza juu ya kitu usichokijua. Ikidanganya juu ya ziwa lako, kwa nini uiamini juu ya uchumi wa China?

Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Nimetaja chaneli na wazungumzaji kadhaa ninaowaona wanafaa, lakini majina hayo ni ya kuanzia tu. Orodha ya kweli utaitengeneza mwenyewe.

Hatua ya kwanza: ingia na swali

Kabla ya kuwasha data, andika mistari miwili. Wa kwanza: kitu unachokijua vizuri. Wa pili: kitu unachotaka kukielewa wiki hii. Kwa mfano, "Najua uvuvi wa dagaa. Nataka kuelewa kwa nini bei ya petroli inapanda na kushuka." Inatosha.

Ukiingia bila swali, ukurasa wa mwanzo utakuchagulia wenyewe. Mfumo wa mapendekezo unafuatilia unachobonyeza na muda unaokaa ukitazama. Haukai kujiuliza kama ulichoambiwa ni kweli. Ukitazama ugomvi mmoja wa wasanii, kesho utaletewa kumi. Kwa hiyo fanya mambo matatu siku ya kwanza: zima kitufe cha video kujiendeleza yenyewe moja ikiisha, futa historia ya ulizotazama, kisha tafuta kwa kuandika maneno yako badala ya kuteremka tu na kidole. Ikija chaneli usiyoitaka, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya video na uchague isipendekezwe tena. Baada ya siku chache ukurasa utabadilika, utaona.

Hatua ya pili: jua MB zako zinakwenda wapi

Hapa wengi wanaumia bila sababu. Saa moja ya video kwa ubora wa 144p inakula takriban MB 100. Kwa 360p ni kama MB 300, kwa 480p kama MB 500. Ukifika 720p unaweza kuvuka GB 1, na 1080p inaweza kula GB 2 au zaidi. Namba hizi hupanda na kushuka kulingana na video yenyewe, kwa sababu mpira wa miguu unakula kuliko mtu aliyekaa kwenye kiti, lakini uwiano ndio huo.

Sasa jiulize: mtu anasoma taarifa ya habari, unahitaji kuona vinyweleo vyake? Habari na hotuba, 144p au 240p zinatosha, maana kazi yote iko kwenye sauti. Mafunzo ya ufundi yanataka 480p, uone waya unaingia wapi. Ramani na maandishi madogo, 480p pia. Zaidi ya hapo kwenye kioo cha simu ni kuchoma bando. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube, sehemu ya ubora wa video, na uchague hali ya kuokoa data unapotumia mtandao wa simu. TikTok na Instagram nazo zina kitufe kama hicho, na huko ni muhimu zaidi kwa sababu programu hizo huanza kuvuta video inayofuata kabla hujaigusa.

Halafu WhatsApp. Nenda mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa video unaofanyika wenyewe. Makundi ya ukoo, ya shule na ya kanisani yanamaliza bando la watu wengi kuliko YouTube, na video zenyewe nusu hawazifungui.

Ukiwa na kifurushi cha usiku, pakua usiku, utazame mchana. Kitufe cha kupakua ndani ya YouTube kikiwepo kwenye simu yako, kitumie, ila ujue video hizo zinabaki ndani ya programu, na simu isipoungana na mtandao kwa muda hujifunga. Kwa vitu vya kudumu tafuta wazalishaji wanaoruhusu wenyewe upakuaji. Hotuba za TED, mikutano ya hotuba fupi za kimataifa, kwa mfano, zimetolewa kwa leseni inayoruhusu kuzigawa bure bila kuzikata wala kuziuza. Hizo unaweza kuziweka kwenye memori kadi na kumpa jirani bila wasiwasi. Akiba ya namna hii ina faida zaidi ya kuokoa hela: mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipokatika nchini, waliokuwa na kitu cha kutazama ni wale waliokuwa nacho kwenye kadi.

Hatua ya tatu: pima chaneli kwa jambo la nyumbani

Hii ndiyo hatua yenyewe, na sitaipitia haraka.

Chukua chaneli yoyote inayojigamba kuwa ya historia, sayansi au "mambo usiyoyajua". Andika kwenye kisanduku chake cha kutafutia neno moja kati ya haya: Tanganyika, Liemba, Gombe, Ujiji. Nyingi zitakuwa na kitu, kwa sababu Kigoma ni mwisho wa reli lakini si mwisho wa hadithi. Tazama dakika tano, huku ukilinganisha na haya.

Meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli huku kwetu na kuunganishwa upya. Ikashushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kipimo kiko kwenye neno "wenyewe". Chaneli inayosema meli hii ilizamishwa kwa mizinga ya adui imenakili mahali bila kusoma. Inayotaja grisi, mtengenezaji wake kafungua kitabu.

Ziwa. Kina chake kirefu kabisa ni kama mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Ukisikia "ziwa kubwa kuliko yote Afrika", simama. Kwa eneo la uso wa maji Victoria ni kubwa zaidi. Kwa wingi wa maji, Tanganyika. Msimulizi anayejua tofauti hiyo ataisema. Asiyeijua atapaza sauti na kuongeza muziki wa kutisha.

Gombe. Jane Goodall alifika Julai 1960, akiwa na miaka 26, na mwaka huohuo akamwona sokwe akiingiza majani kwenye kichuguu kuvua mchwa, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya nani anatumia zana. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alifariki Oktoba 2025, na tangu hapo video zimefurika. Kipimo ni rahisi: picha zinaonyesha mnyama gani? Gombe hakuna masokwe wakubwa weusi wa milimani wale wa Rwanda na Uganda. Video yenye jina la Gombe na picha za wanyama hao imetengenezwa na mtu aliyeokota picha popote alipozikuta. Na ukisikia sauti inayosoma Kiswahili kilichonyooka mno, isiyovuta pumzi, inayotamka "Mahale" kama jina la duka la Ulaya, hiyo ni akili mnemba inasoma maandishi. Kutumia mashine si kosa, ila aliyeshindwa kusikiliza kazi yake mwenyewe kabla ya kuipandisha hatakuwa amekagua ukweli wake.

Ujiji. Kila mtu atakuambia Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Sikiliza kama msimulizi anawataja Susi na Chuma, wasaidizi wa Livingstone, au anawaita tu "wapagazi". Sikiliza kama anaeleza misafara ya pembe na watumwa iliyopita pale, au anaona tu mwembe unaosemekana walikutana chini yake. Hapa hutafuti kosa la tarehe. Unatafuta kujua macho ya mtengenezaji yanaangalia upande gani.

Chaneli ikipita vipimo viwili, iweke kwenye orodha. Ikianguka kimoja kwa kosa dogo, soma maoni chini ya video: je, kuna aliyesahihisha, na mwenye chaneli amejibuje? Mwenye kusahihisha hadharani ni bora kuliko asiyewahi kukamatwa. Ikianguka viwili, achana nayo, hata kama picha zake zinang'aa.

Na kama wewe si mtu wa historia, tumia chako. Muuguzi apime kwa malaria, fundi cherehani kwa namna ya kukata bega, mkulima wa Buhigwe kwa kahawa.

Hatua ya nne: habari

Kwa Kiswahili tuna bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. BBC ina matangazo ya Kiswahili tangu 1957 na Dira ya Dunia yake ya televisheni iko mtandaoni. DW ya Ujerumani ina idhaa ya Kiswahili tangu 1963. Nyumbani kuna TBC, ITV, Azam, Mwananchi na chaneli nyingi za mtandaoni. Ushauri wangu: chagua moja ya nje na mbili za ndani zisizo za mmiliki mmoja, utazame taarifa ileile kwenye zote tatu kwa wiki moja. Uangalie kila moja imeacha nini. Kilichoachwa kinasema mengi kuliko kilichotangazwa.

Jua pia nani analipa. TBC ni ya serikali yetu. DW inagharimiwa na serikali ya Ujerumani, CGTN ni ya serikali ya China, Al Jazeera fedha zake zinatoka Qatar. Si kwamba usizitazame. CGTN ikieleza reli inayojengwa na kampuni za China, utapata picha nzuri za mitambo. Swali la deni ukaliulize kwingine.

Habari zinazotuhusu sisi moja kwa moja ndizo zinazochafuliwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Uamuzi kama huo unagusa sufuria ya kila nyumba, kwa hiyo usiuchukue kutoka kwenye video ya sekunde arobaini yenye picha ya boti na maandishi mekundu. Tafuta tangazo la wizara au ofisi ya mkoa, au sauti ya kiongozi mwenyewe akitamka tarehe bila kukatwa. Video ikionyesha mdomo wake unasogea huku maneno yanasemwa na mtu mwingine juu yake, hujasikia tangazo, umesikia maoni.

Kisha kuna habari za ng'ambo ya ziwa. Tuna ndugu Uvira, Kalemie, Bujumbura, na vita vya mashariki mwa Kongo vikipamba moto simu zinajaa picha za kutisha. Nyingine ni za kweli, za mwaka mwingine. Volkano ya Nyiragongo karibu na Goma ililipuka 2002 na ikalipuka tena Mei 2021, ukipokea video ya lava inashuka mjini, swali la kwanza ni "ya lini?" Fanya hivi:

Piga picha ya kioo pale video inapoonyesha jengo, kibao au mlima, kisha iingize kwenye Google Lens. Ikiwa imewahi kupandishwa miaka ya nyuma, mara nyingi itajitokeza.

Tazama barabara. Tanzania na Zambia magari yanapita kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo yanapita kulia. Mtu akikuambia "hii ni Mwanga, hapa Kigoma mjini, leo asubuhi" na bodaboda zote ziko kulia, jibu unalo. Ila angalia kwanza maandishi kwenye maduka: yakisomeka kinyumenyume, video imegeuzwa ili isigundulike.

Sikiliza watu wa nyuma, si msimulizi. Kiswahili cha Uvira, Kirundi, Kiha, Kifaransa: sisi wa huku tunavitofautisha kwa sekunde, na huo ni ujuzi ambao mhakiki wa Nairobi hana.

Ukibaki na shaka, peleka kwa JamiiCheck au Nukta Fakti, wanaofanya kazi ya kuhakiki taarifa kwa Kiswahili. Na ukiwa bado una shaka, usiisambaze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtaja anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Hatua ya tano: teknolojia

Wengi wakisikia video za teknolojia wanafikiria uchambuzi wa simu mpya. Hizo zipo, na Tanzania Tech wanazieleza kwa Kiswahili safi, lakini sioni faida ya kutazama sifa za simu ya milioni tatu ukiwa huna nia ya kuinunua. Teknolojia ya kuitafuta ni ile inayogusa kazi yako.

Mfano wa dagaa. Tunaanika chini, mchanga unaingia, mvua ikija mzigo unaoza. Ng'ambo kule Burundi, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walisaidia kueneza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Dagaa wanakauka juu na chini, hawali mchanga. Kuna video za vichanja hivyo. Tazama moja kwa 480p, simamisha pale inapoonyesha miguu ya kichanja na namna wavu ulivyofungwa, chora, halafu mpelekee seremala mchoro. Usimpelekee simu, atakuambia ameelewa.

Mfano wa chikichi. Video nyingi za mafuta ya mawese zinatoka Malaysia na Indonesia, viwanda vikubwa kama stesheni. Zinavutia, lakini kwa mtu mwenye mashine ya kukamulia ya mkono hazina kazi. Andika badala yake Nigeria au Ghana kwenye utafutaji wako, utakutana na mitambo midogo ya vijijini. Kuhusu mbegu, tafuta maelezo ya tenera, aina ya mchikichi ambayo ni mtoto wa aina nyingine mbili, dura na pisifera: ganda jembamba, nyama nene, mafuta mengi zaidi. Ukishaelewa kwa video, swali la wapi upate miche uwaulize watafiti wa kilimo wa TARI Kihinga, hapa hapa mkoani.

Umeme unataka tahadhari. Fundi wa Marekani anafanya kazi kwenye volti 120 na hezi 60. Sisi tuko volti 230, hezi 50. Rangi zake za waya si zetu. Kifaa anachokufundisha kukifungua bila hofu kinaweza kukutupa ukutani hapa. Fundi wa India yuko volti 230 kama sisi, na vitu anavyotengeneza, kama taa za LED, betri na inverta ndogo, ndivyo vilivyojaa Mwanga sokoni. Kiingereza chake pia kinaenda polepole. Kwa kazi za mkono mimi namchagua yeye.

Kwa mambo makubwa, jozi ninayoipenda ni habari ya nyumbani na maelezo ya kihandisi kutoka nje. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Taarifa ya habari itakupa namba na utepe uliokatwa. Kisha ingia Practical Engineering, chaneli ya mhandisi wa ujenzi wa Texas, Grady Hillhouse, anayetengeneza mabwawa madogo ya kioo mezani na kuonyesha maji yanavyopenya chini ya ukuta. Baada ya hapo rudi kwenye taarifa. Utaanza kuuliza maswali ambayo mwandishi hakuuliza. Hivyohivyo kwa reli ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa mwaka 2022.

Kiingereza kikiwa kigumu, washa manukuu, halafu kwenye mipangilio yake chagua tafsiri ya Kiswahili. Tafsiri ya mashine huchekesha mara nyingine, lakini ukiwa na picha na sauti pamoja utashika mkondo. Punguza pia mwendo hadi 0.75. Watu wanaona aibu kupunguza mwendo, kana kwamba kuna mtu anawahesabia.

Watoto wapeleke Ubongo Kids, kazi ya Dar es Salaam iliyoanza 2014, hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Wa sekondari wanaosoma kwa Kiingereza wana Khan Academy kwa hisabati, bure kabisa, na ndiyo chaneli pekee ninayomwambia mwanafunzi atazame mfululizo kwa mpangilio wa orodha bila kurukaruka.

Hatua ya sita: mawazo

Video ya mawazo ni mtu anayejenga hoja mbele yako. Inahitaji utulivu, na haifai kutazamwa ukiwa kwenye foleni ya maji.

Anza na kitu cha karibu. Mwaka 2007 mkutano wa TED ulifanyika Arusha, na kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba alipanda jukwaani. Wakati wa njaa nchini mwao alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akajenga mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme kwa kutumia kitabu cha maktaba na vyuma chakavu. Kiingereza chake siku ile kilikatikakatika, na video yenyewe ni ya dakika chache tu. Ni ya kwanza ninayompa kijana anayeniambia mawazo ni ya wasomi.

Kisha Chimamanda Adichie wa Nigeria, aliyezungumza Oxford mwaka 2009 juu ya hatari ya kuwajua watu kwa hadithi moja. Mtazame halafu ufikirie Kigoma ya wachekeshaji wa Dar: uchawi na wakimbizi, basi. Hotuba nyingi za TED hazizidi dakika 18, na baadhi zina manukuu ya Kiswahili yaliyoandikwa na wafasiri wa kujitolea, bora mno kuliko ya mashine.

Kwa Kiswahili chenyewe, Mwalimu Nyerere bado hana mpinzani. Alisoma Tabora, na ukimsikiliza unaona namna mwalimu anavyorudia hoja mpaka wa nyuma kabisa aelewe. Tafuta hotuba yake ya Mei Mosi 1995, Mbeya, anapozungumzia rushwa, ukabila na udini. Itafute nzima. Vipande vya sekunde thelathini vya Nyerere vimekuwa silaha ya kila chama: huyu anakata hapa, yule anakata pale, na wote wanamnukuu sawasawa. Ukiipata nzima, andika mahali walipokata.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mhadhara wake wa Desemba ile uko kwenye chaneli ya tuzo hiyo. Ni wa Kiingereza, wa taratibu, mtu mzima anasoma karatasi. Wengine watausinzia. Walimu wa lugha wasiukose.

Hatua ya saba: utamaduni

Hapa sina mengi, kwa sababu muziki watu hawahitaji kufundishwa wapate wapi. Ninaloongeza ni chaneli ya UNESCO, ambayo wengi hawaijui. Kila utamaduni unapoingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu huwekwa filamu fupi inayoueleza. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia 2014. Rumba ya Kongo iliingia 2021. Zote ni za majirani zetu, na mzee wa Ujiji akiitazama ile ya rumba ataanza kukuhadithia mwenyewe bendi zilizowahi kuvuka ziwa.

Akianza, mrekodi. Ziwa zima lina masimulizi ambayo hayapo kwenye chaneli yoyote. Muombe ruhusa kwanza, mweleze itawekwa wapi, laza simu upande isiwe wima, na umkalishe mbali na barabara. Upepo wa jioni kutoka ziwani unaua sauti kuliko kitu kingine.

Hatua ya nane: tazameni pamoja

Video moja ikitazamwa na watu kumi ni sehemu moja ya kumi ya gharama, na ubishi unaofuata unafundisha kuliko video. Mnahitaji flashi, televisheni yenye tundu la flashi, na mtu wa kusimamisha picha. Mwenye kibanda umiza mara nyingi hana wateja mchana wa katikati ya wiki, zungumza naye. Ila mkianza kutoza kiingilio jambo linabadilika, linaingia haki za wazalishaji na vibali, kwa hiyo mwoneni kwanza afisa utamaduni wa halmashauri.

Chagueni video isiyozidi dakika 20. Isimamisheni katikati, kila mtu aseme anadhani itaishaje. Mmoja apewe kazi ya kukagua: aandike madai matatu yaliyotajwa na arudi nayo kikao kijacho akiwa ameyahakiki. Kazi hiyo izunguke, isiwe ya mwalimu kila siku.

Ratiba ipangeni kwa mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Ukiita kikao utapata wanafunzi na wenye maduka. Mbalamwezi ikiwa kubwa boti zinapumzika, na hapo ndipo pa kuweka video za vichanja, injini na betri, wenye maswali ya kweli wakiwepo. Siku za mwezi giza wekeni hotuba na masomo ya shule.

Kadi ikijaa, futeni habari kwanza, maana zinachacha ndani ya wiki. Mafunzo ya ufundi yabaki mpaka mtu ajenge alichokiona, na hotuba nzima zibaki kwa ajili ya siku mtakapoletewa kipande.